Picha ya Kwenda Tabora

"Vua hiyo pama, Silvano."

"Sivui."

"Uso wako hauonekani. Nitapiga kofia tu, niipeleke Dar es Salaam, waniulize kama kofia ndiyo iliyochora."

"Waambie ndiyo. Mimi nilikuwa chini yake namshikia brashi."

Yoramu alicheka, na alipocheka shuka likayumba, mwanga wote niliokuwa nauhangaikia ukaenda kumulika mbuzi wa watu. Nikamwambia kama hawezi kucheka na kushika shuka kwa pamoja achague moja. Akachagua shuka, ila mabega yaliendelea kucheka.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na nne, pale Majengo, Dodoma mjini. Miaka hiyo kila aliyepata chumba cha mbele alifungua duka, na kila duka lilitaka ukuta wake upigwe rangi. Kampuni moja ya sabuni ilikuwa imewapa Silvano na Yoramu kuta nyingi za mjini wazichore. Wakubwa wa kampuni, wao wako Dar, walitaka picha ya kila ukuta pamoja na mtu aliyeuchora, amesimama mbele yake, aonekane. Kazi ya kupiga picha ikaja studio kwa baba yangu, Mzee Harithi wa Barabara ya Saba. Baba goti lake lilikuwa limeshakataa kutembea juani, akanipa mimi.

Nilidhani ni kazi rahisi. Wiki ya kwanza niliharibu mkanda mzima. Wale jamaa walisimama mbele ya chokaa nyeupe, jua linawapiga kichwani, mimi nikaifuata chokaa badala ya kufuata nyuso. Picha zikatoka kuta safi kabisa na watu weusi tii kama chini ya sufuria. Macho hayapo, pua haipo. Baba alizitazama akanirudishia bila kusema neno, na baba asiposema ujue umekosa. Ndipo nikaanza kwenda na shuka jeupe la kitandani kwetu. Mmoja anasimama ukutani, mwenzake analishika shuka chini mbele yake, jua linagonga shuka, mwanga unarudi juu usoni. Ila mtu akivaa pama ni kazi bure.

"Silvano, nakuomba."

Hapo akavua. Ukimwamrisha hafanyi, ukimwomba anafanya. Alijifuta jasho kwa mkono wenye rangi, akajiachia mstari wa bluu kwenye paji la uso, nikaona nisimwambie. Nikapiga. Halafu nikajikuta bado nimeinamia kioo cha kamera namwangalia, na kazi imeshakwisha.

Nilikuwa nampenda. Nasema mapema ili nisimchoshe mtu. Silvano ni Mgogo wa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, Mkristo, mtoto wa mkulima, amepanga chumba Mkonze na anakuja mjini kwa baiskeli, ngazi ameifunga ubavuni. Mimi ni Anifa binti Harithi, na kwetu wanapenda kukumbusha kwamba babu wa babu alikuja hapa na misafara, akaoa, akajenga, na nyumba hiyo haijawahi kukosa mtu anayeswali. Tangu masika tulikuwa tunapendana, na nyumbani hakuna aliyejua.

"Dada Anifa," Yoramu aliita huku anakunja shuka, "leo umependeza. Unatoka hapa unakwenda harusini?"

Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijani la Idi, mtandio mpya, na hereni za dhahabu. Toka nifike Silvano alikuwa hajazisema, lakini nilimwona anavyozitazama.

"Hizo hereni za nani?" akauliza sasa.

"Za mama."

"Mama yako anakuazima dhahabu uje kupiga picha matangazo ya sabuni?"

Yoramu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwake, akaweka shuka juu ya kopo la rangi na kuondoka. Yoramu ana akili zake.

"Shangazi Sikuzani anaondoka kesho na treni ya asubuhi," nikasema. "Anakwenda Tabora. Anataka picha yangu."

"Ya nini?"

"Unajua ya nini."

Alikuwa anajua, kwa sababu nilishamweleza. Kwetu mchumba akiwa mbali, shangazi wa binti ndiye anayebeba picha. Anafika, anakaribishwa, anakula, halafu anaiweka mbele ya mama wa kijana. Wasipoipenda wanamrudishia na maneno mazuri, kila mtu na heshima yake. Wakiipenda wanabaki nayo. Na picha ikishabaki kwao, binti ameshatolewa. Kuirudisha hapo ni kuwatia aibu watu wa nyumba mbili. Huyo kijana wa Tabora anaitwa Nasri, ana duka la vitambaa, na sijawahi kusikia mtu akimsema vibaya. Ningesikia ningefurahi.

"Na picha yenyewe umeshapigwa?"

"Bado. Umeme hakuna toka asubuhi, taa za studio zimekufa. Baba amesema niende kwa Anthony, yule mpiga picha wa stendi, ana dirisha kubwa."

"Kwa nini baba yako asikupige mwenyewe?"

"Baba hampigi binti yake picha ya posa. Anasema ni kama kumtembeza sokoni. Mkanda ndio nitampelekea ausafishe."

"Sasa kwa Anthony stendi ni huku?"

"Siyo huku."

"Umekuja huku kufanya nini, Anifa?"

Nilisema nimekuja kumalizia kazi, ukuta huu ulikuwa umebaki. Silvano akapanda ngazi hatua mbili, akashuka tena. Akiwa na hasira haishi kutafuta kitu cha kufanya kwa mikono, akachukua brashi safi akaanza kuisafisha.

"Wewe hapa unatuamrisha siku nzima," akasema. "Vua kofia, inua kidevu, usifumbe macho. Yoramu anakuogopa kuliko mwenye duka. Nyumbani kwenu neno moja tu linakushinda?"

"Neno gani?"

"Sitaki."

"Wewe humjui shangazi."

"Simjui kwa sababu hujanipeleka. Toka masika nakwambia nitume wazee wangu waje kwenu, unaniambia subiri. Nisubiri mpaka lini? Mpaka uwe na watoto wawili Tabora nije kuwapigia rangi baiskeli?"

"Wataanza na dini, Silvano."

"Waanze. Mama yangu naye Kibakwe ataanza na dini. Acha waanze, tujue wanaishia wapi."

"Baba atakufukuza. Mimi sitaki kukuona unafukuzwa."

Alitua brashi.

"Kufukuzwa nitavumilia," akasema taratibu. "Nimefukuzwa na watu wengi, wengine kwa sababu ya rangi ya njano tu. Mimi kinachoniuma ni kwamba baba yako hana hata habari kama kuna mtu wa kumfukuza. Unaelewa? Mtu anakwenda kuolewa, na mimi hata kwenye orodha ya waliokataliwa simo."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nilibaki nimesimama na kamera shingoni kama mzigo wa mtu.

"Nipe hiyo kamera," akasema.

"Ya nini?"

"Nikupige mimi. Saa kumi na nusu hii, ukifika stendi jua limeshatoka dirishani kwa Anthony."

"Hujui kupiga."

"Nimesimama mbele yako toka mwezi wa tatu nakuona unavyofanya. Nitashindwa kubonyeza?"

Nilipaswa kukataa. Badala yake niliivua shingoni nikampa. Ilikuwa ile kamera ya baba ya zamani, unaishika kifuani na kuchungulia kioo chake kwa juu. Picha ilikuwa imebaki moja kwenye mkanda. Nilimwekea mwanga, nikamwekea umbali, nikamwambia ageukie ukuta, jua liwe mgongoni kwake. Vidole vyetu viligusana pale kwenye kamera na hakuna aliyeondoa wa kwake haraka.

"Nikitaka naweza kuiharibu," akasema. "Nikukate kichwa. Tabora wapate gauni."

"Baba atajua."

"Basi nitaipiga vizuri." Akaishika kamera kifuani. "Kama ni kwenda, uende unapendeza."

Akavaa pama yake, akarudi nyuma. Nikasimama mahali pa chokaa tupu, pembeni ya mama aliyechorwa kwenye tangazo, mwenye mapovu mpaka kwenye viwiko. Jua lilinipiga usoni moja kwa moja. Mwezi wa kumi Dodoma jua halijui kama ni jioni, linakuunguza mpaka linapozama. Macho yalitaka kujifumba, nikayalazimisha.

Silvano aliinamia kioo. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji. Nilijua anachokiona, kwa sababu kile kioo kinageuza, kulia kunakuwa kushoto, na mtu mgeni huwa kinamsumbua. Nilitaka kumwambia asogee kidogo tu upande huu. Ndipo akainua uso, akaacha kioo, akaniangalia kwa macho yake. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Aliniangalia tu kama mtu anayekariri kitu. Jua nikalisahau, na Tabora, na shangazi. Nikafikiri: huyu ndiye. Nikasikia kamera imelia, na sikujua kidole kilibonyeza saa ngapi.

Alinirudishia kamera ameishika mkanda wa shingoni, safari hii bila kunigusa.

"Nenda, utachelewa."

"Silvano."

"Nenda, Anifa. Nikisema zaidi ya hapo nitasema vibaya."

Akapanda ngazi akanipa mgongo. Nikachukua shuka langu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najiambia nisilie, nitamjibu nini mama akiona hereni zake zina machozi.

*

Nyumba yetu iko nyuma ya studio, ukitoka chumba cha kusafishia picha unaingia ukumbini. Nilipofika, shangazi alikuwa ukumbini anafunga mzigo wake, na mama, Bi Batuli, anamfungia maandazi ya safari. Niliwaamkia. Shangazi akataka nigeuke aone gauni nyuma, kana kwamba Tabora wataiona picha kwa nyuma.

"Umepigwa?" mama akauliza.

"Nimepigwa."

"Anthony kasemaje?"

"Hakusema kitu," nikasema, na huo haukuwa uongo.

Baba alikuwa ameshachukua mkanda. Kuusafisha hakuhitaji umeme, kunahitaji giza na mikono, na mikono baba anayo. Uliponing'inizwa dirishani ulikauka upesi, hewa ya Dodoma haina maji. Umeme ulirudi baada ya sala ya magharibi. Mtaa mzima ukashangilia, redio zikaanza kugombana, na baba akaniita kutoka chumba cha dawa.

"Anifa. Njoo unishikie."

Nikashangaa kidogo. Kwa picha moja baba hahitaji msaidizi. Niliingia, nikafunga mlango, tukabaki kwenye ile taa nyekundu, yeye na koti lake la kazi, mimi bado na gauni la kijani. Alikuwa ameshaimulika karatasi. Akaniachia nafasi mbele ya trei.

"Itie wewe."

Nikaitia kwenye dawa, nikaanza kutikisa trei polepole kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Asiyejua kazi hii nimweleze: kwenye dawa, vitu vyeusi ndivyo vinavyotangulia. Nywele hutokea kabla ya uso. Kwa hiyo niliangalia katikati ya karatasi, nikisubiri nywele zangu.

Zilichelewa. Kitu cha kwanza kutokea kilitokea chini. Doa jeusi, likarefuka, likapata mabega. Viwiko viwili vimetoka pembeni, vya mtu aliyeshika kitu kifuani. Halafu ukingo wa kofia pana, mviringo, safi kabisa, umelala juu ya mchanga mpaka kwenye miguu yangu. Mkono wangu ukaacha kutikisa.

"Endelea," baba akasema. "Itabaki na mabaka."

Nikaendelea. Hapo ndipo na mimi nikaanza kutokea, nywele pembezoni mwa mtandio, gauni, mwisho kabisa uso. Nimejiona kwenye picha mara nyingi, baba alikuwa anajaribia taa zake kwangu toka nikiwa na miaka mitano. Uso ule nilikuwa sijawahi kuuona. Hakuna mtu anayeiangalia kamera namna ile.

Baba aliihamisha picha kwenye trei ya pili, kisha ya tatu, bila haraka. Niliomba ardhi ipasuke.

"Umekuwa ukipiga picha tangu lini?" akauliza.

"Tangu darasa la tano, baba."

"Na umewahi kuniletea picha yenye kivuli cha mpigaji?"

"Hapana."

"Anthony je? Anapigia watu ndani, dirishani. Huyu mwenye kofia amesimama juani."

"Siyo Anthony."

"Najua siyo Anthony. Nimekiona hicho kivuli tangu kwenye negetivu. Nilitaka na wewe ukione." Akajifuta mikono kwenye koti. "Swali langu ni jingine. Kivuli kikubwa hivi, kimekufikia miguuni, na wewe jicho lako nimelisomesha mimi. Hukukiona?"

"Sikukiona."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Nilitazama trei. Nikamkumbuka yule aliyenipa mgongo juu ya ngazi.

"Nilikuwa namwangalia yeye, baba."

Ukumbini shangazi alikuwa anauliza kama maandazi yatafika Tabora bila kukauka.

"Pama hiyo naijua. Ni yule Mgogo aliyetuandikia bango la mbele," baba akasema mwishowe. Hakuwa anauliza.

"Ndiye. Silvano."

"Mkristo."

"Ndiyo, baba."

"Na hii ni ya leo tu, au ina muda?"

"Tangu masika."

"Tangu masika," akarudia. Aliketi kwenye kile kigoda chake, goti lile alilinyoosha mbele. Sikuwahi kumwona amechoka vile. "Mimi nakaa hapa nasoma nyuso za watu wa mji mzima. Nakwambia huyu ana homa, huyu amegombana na mkewe. Wewe unakula na mimi kila siku."

"Nisamehe, baba. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utakataa. Halafu ningefanya nini?"

Baba alichukua picha kwa kibanio, ikimwagika maji, akaiinua karibu na taa.

"Kivuli naweza kukikata," akasema. "Nikiipandisha mashine ya kukuzia kidogo, hapa chini panabaki nje ya karatasi. Dakika kumi. Shangazi yako anaondoka na picha safi, hakuna atakayejua." Akaisogeza karibu zaidi na macho. "Lakini uso huu nitaufanyaje? Nieleze wewe. Nimeshapiga mabinti wangapi wa posa? Wanatazama kamera kama wanatazama daktari wa meno. Hii nikimpelekea mama wa Nasri, naye ni mtu mzima, atajua binti anamtazama mtu. Asipojua yeye, atajua mwanawe baadaye, na hilo ni baya zaidi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuuliza. Nikate au nisikate?"

Hakuwa anatania. Angeikata kama ningesema ikatwe, na asubuhi ningeamka nimeshatolewa, na asingenikumbusha mpaka anakufa.

"Usikate."

"Sikusikia."

"Usikate, baba. Simtaki Nasri. Sina ubaya naye, ila simtaki."

Akatikisa kichwa polepole. Aliirudisha picha majini, akasimama kwa kushikilia ukuta.

"Sikiliza. Mimi sijakubali kitu. Kuna dini, kuna mama yako, kuna wazee wa huko kwao, na yote hayo yatazungumzwa na mengine nitayasema kwa ukali. Usije ukasema baba alikubali. Sawa?"

"Sawa."

"Kwa leo, tutamwambia shangazi yako picha haikutoka. Umeme, dawa, vyovyote. Aende, halafu tutaona."

Akafungua mlango. Nikamfuata, mikono yangu ina maji, nimeshukuru. Shangazi aliinuka na miwani yake tayari usoni.

"Haya, tuione."

"Dada," baba akaanza, "mambo ya umeme huu. Picha haikutoka."

Shangazi akakaa kwa kishindo. Mama alitazama chini, kwenye maandazi. Nikamwona anavyozipangua zile karatasi za kufungia na kuzipanga upya. Mama alikuwa ameniazima hereni alizovaa siku yake mwenyewe. Na baba yangu, mtu aliyewahi kumrudishia mteja pesa kwa sababu ya mkunjo kwenye kola, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wake anasema uongo kuhusu kazi yake, kwa ajili yangu. Kesho kutwa shangazi angeandika barua. Mwezi ujao angerudi. Silvano angeambiwa tena asubiri, na safari hii nisingekuwa na uso wa kumwambia.

"Imetoka," nikasema.

Baba akanigeukia. Nilirudi ndani, nikaitoa majini, nikaja nayo inadondosha maji sakafuni, nikaiweka mikononi mwa shangazi.

Aliishika kwa ncha za vidole. Kwanza aliangalia gauni, nadhani ni mazoea. Halafu akashuka chini akakiona kivuli, akapanda juu akauona uso, na macho yake yakabaki hapo. Mama akaja akasimama nyuma ya bega lake. Niliwaona wote wawili wananisoma mimi wa kwenye karatasi, na mimi wa kweli nimesimama mbele yao, na sikujua ni wapi pa kuweka mikono.

"Nani huyu?" mama akauliza. Kidole chake kilikuwa juu ya ile kofia.

"Anaitwa Silvano, mama. Ni mchoraji wa mabango. Kwao Kibakwe. Ndiye ninayempenda, na ningekuwa na akili ningewaambia kabla shangazi hajakata tiketi. Nasri mwambieni anitafutie msamaha kwa mama yake."

Nilitegemea kelele. Shangazi ana sauti inayofika sokoni. Lakini alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akamgeukia mama.

"Batuli, hii siipeleki," akasema. "Huyu ana mtu wake. Nikiiweka mbele ya watu wa Tabora nitakuwa nimewaibia."

"Mkristo, wifi," mama akasema kwa sauti ndogo. "Silvano ni jina la Kikristo."

"Ndiyo. Hilo mtalilia nyie, mimi nina treni asubuhi." Akampa mama picha, akarudi kwenye mzigo wake. Nikaona anavyofunga kamba kwa hasira, akivuta fundo ambalo lilikuwa limeshakaza.

Mama alibaki na picha. Baba alikohoa, akasema kitu kuhusu kwenda kuzima taa ya chumba cha dawa, akaniacha na mama, na sikumlaumu. Mama aliitazama kwa muda. Aliinua mkono nikadhani atanipiga, lakini alinishika sikio, akazivua hereni zake, moja, halafu nyingine, akazifunga kwenye pindo la kanga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umemwona mama yako alivyokuwa siku yake?" akauliza. "Ile picha iliyoko chumbani?"

"Nimeiona, mama."

"Mimi nilikuwa natazama daktari wa meno," akasema. Kumbe ukuta ule hausitiri kitu, mama alikuwa amesikia kila neno, na lile swali la nani huyu alitaka tu nilijibu mwenyewe. Akanirudishia picha, akaanza kukusanya maandazi. "Jumapili aje. Na wazee wake, mchana, apite mlango wa mbele watu wamwone. Sisemi nimekubali. Na akija asidhani nitampikia."

"Sawa, mama."

"Anakula nini huyo?"